Ushauri: Kikundi chetu cha mikoko kiitwe Mtwapa, au kichukue jina la kijiji?

MpandaMikoko

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naomba ushauri wenu katika jambo lililotugawa kwa muda sasa.

Sisi ni kikundi cha kupanda mikoko, vijana na akina mama, upande wa Mombasa wa mkono wa bahari wa Mtwapa, kule ndani wadi ya Mwakirunge. Kijiji chenyewe sitakitaja kwa kuwa wenzangu hawajaniruhusu. Ni kijiji kidogo cha minazi, mihogo na madau machache, na jina lake limezagaa Pwani nzima. Ukimwambia mtu wa mjini unatoka huko, swali la kwanza ni, "Kupi?"

Sasa tunataka kujisajili. Kuna wanaotaka tujiite Mtwapa. Wanasema maji ni yetu, tumezaliwa ukingoni mwake, na jina linajulikana hadi nje ya nchi. Wengine wanasema Mtwapa ni mji, mji uko ng'ambo, ng'ambo ni Kaunti ya Kilifi, na tukijiita hivyo jasho letu litahesabiwa la wengine.

Hofu yao ina msingi. Mwaka jana mfadhili mmoja alitupa miche ya mchu na mlilana, aina mbili za mikoko. Karatasi aliyopewa dereva iliandikwa "Mtwapa" peke yake. Dereva akavuka daraja, akaenda moja kwa moja hadi diko la ng'ambo, pale madau yanapofikia, akashusha. Watu wa huko waliipokea kwa nia njema kabisa. Habari ilipotufikia tukaenda na dau kuichukua, tukakuta viriba vimepangwa juani, udongo umekauka hadi umeachana na plastiki, na majani ya mchu yamejikunja. Mlilana ulikufa karibu wote. Akina mama waliokuwa wameandaa matope tangu alfajiri walirudi nyumbani kimya.

Kibao chetu tayari kina picha ya kaa na mkoko. Nafasi ya jina iko wazi na fundi anauliza kila siku. Je, tuandike nini? Na watu wa ng'ambo wana haki ya kutukataza jina la Mtwapa?

Bahari_ni_Mali

Andikeni Mtwapa. Mfadhili au mgeni hutafuta jina analolijua. Kijiji ambacho hata matatu haikitaji, nani atakiona?

DikoLaJuu

Mimi nakataa. Ni mvuvi, na sisi jambo hili tulilimaliza zamani. Kikundi cha usimamizi wa ufuo huandikwa kwa diko lake, pale samaki wanaposhushwa na kupimwa. Maji tunavua pamoja. Wa Shanzu anaingia, wa Majaoni anaingia, wa ng'ambo anaingia. Hakuna aliyewahi kujiandikisha kuwa yeye ndiye mkono mzima wa bahari. Siku mkijiita Mtwapa, wengine wote walio ukingoni mmewafanya wapangaji.

Bahari_ni_Mali

@DikoLaJuu Samaki wako wanauzwa hapo hapo dikoni, mnunuzi anakuja kwa miguu yake. Mikoko inahitaji watu wa mbali waijue. Si jambo moja.

Mzee_wa_Kibokoni

Wanangu, niruhusuni kidogo, maana jina hili lina watu zaidi ya mnavyodhani.

Mombasa ina Miji Kumi na Miwili ya Waswahili: Miji Mitatu, nao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Miji Tisa, ambamo mna Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, na hao Wamtwapa. Wamtwapa walihamia kisiwani zamani sana wakaja na jina lao. Hadi leo, hapa Mji wa Kale, utamkuta mtu ni Mmtwapa kwa ukoo na hajalala ng'ambo ya daraja hata usiku mmoja. Na Mkilifi wa Mombasa vivyo hivyo, Kilifi ataijua kwa kupita akielekea Malindi.

Kwa hiyo ukiniuliza Mtwapa ni ya nani, nitakwambia kuna maji, kuna mji ulioko Kilifi, na kuna watu walioko kisiwani. Na ukiteremka mdomoni mwa bahari utaikuta Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa mawe ulioachwa karne nyingi, na wale waliojenga misikiti ile hatujui wao waliyaitaje maji yale. Hao wote hawajagombana. Msije nyinyi mkawa wa kwanza.

Mwenye kukukataza jina hayuko, mwanangu. Lakini pia hayuko wa kukumilikisha.

Ramani_na_Kalamu

Shukrani, Mzee wangu. Mimi nafundisha jiografia, naongezea kwa upande wa ramani.

Kwetu Pwani ni kawaida jina moja kubeba maji na kijiji. Kilifi ni mkono wa bahari, ni mji, na sasa ni kaunti nzima. Mnarani wako ukingo wa kusini wa maji hayo hayo na wamebaki Mnarani. Takaungu vilevile, kijiji na maji yake. Mida vilevile. Gazi ni kijiji na ni ghuba. Mwache ndiyo imezidi: ni mto unaoshuka kutoka Kinango, ni hori linaloingia Port Reitz, ni msitu wa mikoko, ni bwawa linalojengwa huko Kwale, na sasa ni daraja kwenye barabara ya Dongo Kundu. Mtu akikwambia "tukutane Mwache", bora uulize kabla hujapanda gari.

Kisha kuna majina yaliyoletwa. Port Reitz ni jina la luteni wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa kusimamia Mombasa mwaka 1824 akafa mwaka huo huo. Watu wa Tsunza, ambao maji yale yamewazunguka na ndiyo yanayowalisha, hawamo katika jina hilo hata kwa herufi moja. Na upande wa pili wa kisiwa, maji yanaitwa Tudor, kama mtaa wa Tudor. Lakini tazama ni nani wanaoishi ukingoni: Jomvu Kuu, Mikindani, Junda, Mishomoroni, na ukienda ndani zaidi unakaribia Rabai. Mtaa wa Tudor una kipande tu.

Na @MpandaMikoko, kijiji chenu kuwa na majina-ndugu si aibu. Mikindani ya hapa Mombasa ina mwenzake Mtwara, Tanzania, bandari ya zamani ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Watu wa Mikindani yetu hawajabadilisha jina kwa ajili hiyo. Wanaongeza tu "ya Jomvu", basi, mambo yanaeleweka.

Binti_wa_Msambweni

Nimesoma yote na naona hakuna aliyetaja mfano ulio karibu kabisa, kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Niwasimulie, kwa sababu nimekulia huko.

Ghuba ya Gazi ina zaidi ya kijiji kimoja. Iko Gazi yenyewe, na iko Makongeni. Maji yanaitwa Gazi, ramani zinaandika Gazi, watafiti wakija wanasema wanakwenda Gazi. Mradi wa kuuza hewa ya ukaa, yaani watu wa nje hulipa ili mikoko ilindwe iendelee kuifyonza hewa hiyo, ulipoanza mwaka 2013 ungeweza kuitwa Gazi na asiwepo wa nje wa kushangaa. Ukaitwa Mikoko Pamoja. Msitu unaolindwa ni hekta 117, na fedha zinanufaisha vijiji vyote viwili: maji, madarasa, vitabu. Mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa, Equator Prize, na mama wa Makongeni aliifurahia kama ilivyo haki yake, kwa kuwa hakukuwa na jina la kumweka nje. (Hiyo Makongeni nayo iko Nairobi, iko Thika. Tumezoea.)

Sasa teremka hadi mpakani na Tanzania. Vanga ni mji wa kale unaojulikana, na mradi wa huko kwa watu wa nje unaitwa kwa jina la Vanga. Lakini chama cha jamii kinacholinda msitu kinaitwa VAJIKI. Ni Vanga, Jimbo na Kiwegu, kila kijiji kimetoa silabi yake. Nje wanasikia Vanga, ndani kila mtu anajisikia.

Ndiyo maana nasema swali lenu "Mtwapa au kijiji" limewabana bure. Ukingoni mwa maji yenu upande wa Mombasa kuna vijiji vingapi vinavyopanda mikoko au vitakavyopanda kesho? Kaeni nao kwanza kabla ya rangi. Kijiji kimoja kikijitwalia jina la maji, mwakani cha jirani kitaanzisha chake, mtakuwa vikundi viwili vya jina moja mnagombea miche ile ile. Nimeona vikundi vidogo vikifa hivyo, na mikoko inayokatwa usiku haiulizi ni ya kikundi gani.

MpandaMikoko

@Binti_wa_Msambweni umenigusa. Kweli kuna vijiji viwili jirani, na kimoja kimeanza kuokota mbegu za mkoko zinazoletwa na bamvua, yale maji makubwa ya kujaa. Hatujawahi kukaa nao. Ila tukichukua jina lisilotaja mahali, je, dereva wa lori atafika wapi?

Karani_Mstaafu

Hapo ndipo mambo mawili yanapochanganywa. Jina ni kitu kimoja, anwani ni kingine. Miche yenu iliuawa na anwani.

Kwanza cheti. Vikundi vya kijamii siku hizi vinasajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2022 kuhusu vikundi vya jamii, katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Pelekeni majina mawili matatu mkiyapanga kwa mnavyoyapenda, ili moja likiwa limeshachukuliwa msirudi mikono mitupu. Ndani ya katiba ya kikundi wekeni kifungu cha eneo la kazi, na hapo msione haya kuandika kwa urefu: kijiji, wadi ya Mwakirunge, kaunti ndogo ya Kisauni, Kaunti ya Mombasa, ukingo wa kusini wa mkono wa bahari wa Mtwapa, kutoka diko fulani hadi mdomo wa kijito fulani. Ongezeni nambari za mahali mnazopata kwenye ramani ya simu. Simameni pale pale miche itakaposhushwa, mzisome, mziandike. Hizo ndizo atakazopewa dereva.

Pili, na hili ni zito zaidi ya jina: msitu wa mikoko si wa kikundi. Mikoko ya Kenya ilitangazwa hifadhi ya serikali tangu mwaka 1932, na hivi leo iko chini ya KFS, shirika la serikali la misitu. Kupanda mtashukuriwa, lakini mkitaka kuusimamia na kunufaika nao kwa mkataba, sheria ya misitu ya mwaka 2016 inataka chama cha jamii cha msitu, nacho husajiliwa kwa sheria ya vyama, si kwa cheti cha kikundi. Chama hicho ndicho pahala pa jina la maji, kwa kuwa kitakusanya vikundi vyote vya ukingoni. Nyinyi wa kijiji bakini na jina lenu dogo ndani yake.

DikoLaJuu

Karani amesema. Jina kubwa kwa nyumba kubwa.

Ng'ambo_ya_Daraja

Nimechelewa kuuona uzi huu. Mimi naishi Mtwapa mjini, upande wa Kilifi, na ile siku ya lori nilikuwepo dikoni. Dereva alisema "mzigo wa Mtwapa" na sisi ni Mtwapa. Tulimwagilia maji viriba tulivyovifikia.

Niwaambie ukweli, huku kwetu hakuna anayewakataza jina. Tunachoogopa sisi ni kinyume chake, kwamba siku moja itatokea karatasi ya Mombasa inayosema mikoko ya Mtwapa ina wasimamizi wake, na sisi tuliokuwa tukivua kaa humo tukaambiwa tuondoke. Maji yanapita katikati ya kaunti mbili, kaa anavuka bila kuulizwa. Mkija kukaa na majirani zenu, tuiteni na sisi. Tutavuka na dau maji yakijaa.

Mzee_wa_Kibokoni

Mwanangu wa ng'ambo, Mungu akuweke.

MpandaMikoko

Nimewasomea wenzangu majibu yenu jana jioni chini ya mwembe, neno kwa neno. Tumekubaliana hivi. Kikundi kitachukua jina la kazi yetu pamoja na jina la wadi, bila Mtwapa. Vijiji viwili jirani tutawaendea kabla ya bamvua ijayo, na ng'ambo tutawapelekea mwaliko kwa mkono. Jina la Mtwapa tumeliweka kando hadi kiwepo chama cha pande zote, nacho kikiwepo kitaamua chenyewe. Bahari_ni_Mali, hoja yako hatukuitupa: chini ya jina tutaandika kwa herufi ndogo "ukingoni mwa Mtwapa, upande wa Mombasa", mgeni apate pa kuanzia.

Swali la mwisho kwa Karani: benki wameanza kutuuliza jina. Tuwape hili hata kabla ya cheti?

Karani_Mstaafu

Hapana, ngojeni cheti. Benki itafuata cheti herufi kwa herufi; ikipungua hata nukta, hundi ya kwanza itarudishwa. Na pelekeni kumbukumbu za ule mkutano wa chini ya mwembe, zikiwa zimetiwa sahihi na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Bila hizo hawatafungua akaunti.