Klorheksidini au haipokloraiti dhidi ya utando wa bakteria kwenye mzizi wa jino? Naomba ushauri

MwakaWaMwisho
Habari zenu wakuu. Nasomea udaktari wa meno, na sasa naandaa utafiti mdogo wa maabara wa kulinganisha dawa za kuoshea mfereji wa mzizi. Mezani nina sodiamu haipokloraiti, klorheksidini ya asilimia 2 na EDTA ya asilimia 17. Bakteria ni Enterococcus faecalis, yule anayekutwa mara nyingi kwenye meno yaliyokwisha kuzibwa mizizi kisha yakasumbua tena.

Kwenye majaribio ya awali, bakteria wakiwa wanaelea kwenye kimiminika, haipokloraiti na klorheksidini zote zinawafagia. Sasa najiuliza: klorheksidini hainuki, na ikivuja nje ya ncha ya mzizi haileti balaa kama mwenzake. Kwa nini basi haipokloraiti bado inatangulizwa? Na ukali upi ni sahihi? Naona watu wanatumia kuanzia asilimia 0.5 hadi 6.

FailiNamba15
Mdogo wangu, umezipambanisha mahali ambapo kila dawa inashinda. Bakteria anayeelea ni mnyonge. Ndani ya mzizi wamejibandika kwenye dentini (tishu ngumu inayounda ukuta wa mzizi), wamejifunika ute wa sukari, protini na DNA, ndio huo utando, na wale wa chini kabisa wako nusu usingizini. Dawa ikifika kwao imeshapungua nguvu.

Hapo ndipo haipokloraiti inapojitenga na wenzake: inayeyusha. Inavunja ute wenyewe pamoja na mabaki ya nyama ya jino. Klorheksidini inatoboa ngozi ya bakteria na kumuua, sikatai, lakini haiyeyushi kitu. Ni sawa na kuua panya darini ukawaacha hukohuko. Sifa yake ya kweli ni kwamba inanata kwenye dentini na kuendelea kufanya kazi baada ya wewe kumaliza kuosha. Kwa hiyo ina nafasi yake, ila si ya kwanza.

EDTA usiipime kama muuaji. Kazi yake ni kuondoa lile tope la dentini linaloachwa na faili (kijichuma cha kukwangulia mfereji), kwa kunyakua kalsiamu. Dakika moja hivi mwishoni inatosha. Ukizidisha unalainisha ukuta wa mzizi.

MezaYaDarubini
Mimi niko upande wa maabara, nina mawili matatu.

Umri wa utando ndio utakaoamua matokeo yako. Wa siku moja au mbili unakufa kirahisi na kila dawa itaonekana shujaa. Ukuze wiki tatu hivi, juu ya vipande vya dentini halisi, si kwenye plastiki, ndipo utaona tofauti.

La pili wengi hulisahau: zima dawa kabla ya kuotesha sampuli. Haipokloraiti huzimwa kwa sodiamu thayosalfeti, klorheksidini kwa Tween 80 na lesithini. Usipofanya hivyo, klorheksidini inasafiri na sampuli na kuendelea kuua kwenye sahani. Utahesabu sifuri ambayo haikutokea kwenye jino. Nashuku sifuri nyingi za klorheksidini zimezaliwa hivyo.

Na usiishie kuhesabu makoloni (vishada vya bakteria vinavyoota kwenye sahani). Tumia darubini ya leza na rangi mbili, kijani kwa walio hai na nyekundu kwa waliokufa, kisha pima pia ujazo wa utando uliobaki. Klorheksidini inaweza kukupa wekundu mwingi huku utando umesimama palepale.

Jino_Bovu
Samahani wataalamu, mimi ni mgonjwa tu. Hiyo haipokloraiti si ndiyo ya kutolea madoa kwenye nguo? Mnatutia hiyo mdomoni?

FailiNamba15
Kemikali ni hiyohiyo, ndugu yangu, ila ya kwetu huandaliwa kwa ajili ya meno. Ndiyo maana unafungwa lile shuka la raba: haitakiwi kugusa fizi wala koo.

Sindano30
Kwenye ukali natofautiana na wanaokimbilia asilimia 5 na zaidi. Klorini inatumika na kuisha kila inapokutana na nyama. Asilimia 2.5 inayobadilishwa kila mara, kwa wingi, kwa sindano nyembamba yenye tundu la pembeni, inakutosha. Sindano isikwame na ibaki milimita 1 hadi 2 kabla ya urefu wa kazi, yaani mwisho wa sehemu ya mfereji unayoisafisha. Ukiitikisa dawa kwa altrasoniki (mitetemo ya kasi sana) inafika kwenye vichochoro ambavyo faili haivioni.

FailiNamba15
Kwa jino lenye maambukizi ya zamani mimi bado natumia kali, kwa sababu inayeyusha haraka zaidi. Tukubaliane tu kwamba mkono mbaya ni hatari kwa ukali wowote.

MwakaWaMwisho
Nashukuru sana. Je, naweza kuweka kundi la nne, haipokloraiti ikifuatwa na klorheksidini?

Sindano30
Unaweza, ila zisikutane. Zikichanganyika zinaganda rangi ya kahawia na kuziba vijitundu vya dentini. Pitisha EDTA, kisha maji tasa mengi, ndipo klorheksidini. Wala EDTA usiichanganye na haipokloraiti, inaimaliza klorini.

MezaYaDarubini
Na kundi la maji ya chumvi peke yake usiliache. Kuosha kwenyewe kunang'oa sehemu ya utando hata bila dawa.