Kamba wa matopeni: nina spishi tatu au najidanganya?

Binti_Tope
Hamjambo wanajukwaa. Niko Nairobi, mwaka wa nne chuoni. Mwezi jana nilishuka Gazi, Kwale, wakati wa bamvua. Maji yalipokupwa nikatoa kamba 11 kwenye mashimo ya tope kando ya mikoko, kwa bomba la kufyonza. Sasa wako kwenye chupa za spiriti na mimi naona spishi tatu. A ana gando moja kubwa mno, la pili dogo. B magando yake yanakaribiana. C ni kama A, ila gamba limevimba upande mmoja. Wote ni weupe na laini. Msimamizi anataka majina Ijumaa. Nianzie wapi?

Mzee wa Hadubini
Binti, weka gando kando kwanza. Hesabu miguu. Je, jozi ya pili ina vibano kamili kama ya kwanza? Ikiwa navyo, uko kwenye oda (kundi kubwa la familia) ya Axiidea. Ikiwa jozi ya pili haina kibano kamili, elekea Gebiidea, iliko jenasi ya Upogebia. Vitabu vya zamani huwarundika wote chini ya kundi moja, Thalassinidea. Oda hizo mbili zilipendekezwa mwaka 1979, na DNA ikathibitisha mwaka 2009 kwamba hawa si ukoo mmoja. Wamefanana kwa sababu ya maisha ya shimoni tu.

Kijana wa Pwani
Dada, mlangoni pa shimo palikuwaje? Kichuguu cha mchanga kama volkano, au tundu safi tu?

Binti_Tope
Vichuguu! Vingine vilikuwa vinatema tope nikivitazama.

Kijana wa Pwani
Basi hao ni wala tope, jamaa za familia ya Callianassidae. Upogebia huchuja chakula majini, na shimo lake kuta zimesiribwa laini kama sakafu ya udongo. Tena magando yake hulingana, na pua yake ni pana yenye vinywele.

Mzee wa Hadubini
Kijana kasema vyema, ingawa shimo ni ushahidi wa jirani, si wa mwenyewe. Mnyama mwingine huweza kuhamia. Nirudi kwa B. Umeangalia jinsia? Mpindue chali. Tundu za uzazi za jike ziko kwenye mashina ya miguu ya jozi ya tatu, za dume jozi ya tano. Kwa kamba hawa gando kubwa la dume hupita kiasi, la jike ni la wastani. Tena gando likikatika huota upya likiwa dogo. Watu wamewahi kuandika majina mawili kwa mke na mume, usione haya.

Nyanya Mikoko
Na huyo C mfungue shavu pole pole kwa koleo. Nadhani utakuta mgeni kwenye matamvua, isopodi, kimelea mdogo wa jamii ya kamba na kaa, wa familia ya Bopyridae. Jike lake ni bapa, limepinda upande. Dume ni dogo sana na hukaa juu ya jike. Usimtupe, mpe chupa yake na lebo.

Binti_Tope
Nimekesha maabara. Jozi ya pili ina vibano kwa wote. B wote ni majike, A wote ni madume. C nilimfungua, na kweli! Wawili, mkubwa na mdogo, nusura nipige kelele. Kwa hiyo ni spishi moja na kimelea? Niandike Callianassa?

Mzee wa Hadubini
Hapana, polepole. Mwaka 2019 familia ya Callianassidae ilipangwa upya na kugawanywa, na majina mengi ya vitabuni yamehama. Kufika kwenye jenasi utahitaji pezi la mkia na taya za nje chini ya hadubini, pamoja na ufunguo mpya wa utambuzi, ule wa maswali ya hatua kwa hatua. Ijumaa mpe msimamizi oda na familia ya muda, uandike "spishi moja, huenda". Na spiriti yako ni asilimia ngapi? Kama unataka DNA, kata msuli kidogo leo utie kwenye ethanoli ya 95. Formalini usiiguse.

Binti_Tope
Ni ya 70. Nakimbia kutafuta ya 95 kabla stoo haijafungwa.