Naanza Star Trek upya na mzee wangu. Tufuate mpangilio gani?

Binti_wa_Opereta

Habarini wadau. Nina swali, ila itabidi mnivumilie nieleze kidogo kwanza.

Mzee wangu alikuwa opereta wa simu hapa Nairobi, enzi zile ukitaka kuongea na mtu wa Kisumu unamwomba opereta halafu unangoja. Alikaa miaka mbele ya swichibodi, kisikizi sikioni, akichomeka waya huku na kuchomoa kule. "Shika laini, tafadhali" ilimwingia damuni hivi kwamba hata leo ukimpigia, ndilo jibu unalopata wakati anatafuta miwani.

Tukiwa wadogo, miaka ya 90, alikuwa akikodi kanda za video mjini kila mwisho wa mwezi. Aliyoirudia kuliko zote ni Star Trek ya kwanza kabisa, kile kipindi cha TV cha chombo cha angani cha Kapteni Kirk, na sababu ilikuwa Uhura, afisa wa mawasiliano. Si urembo (ingawa mama alikuwa na maoni yake kuhusu hilo). Ni kwamba katika chombo kizima chenye watu zaidi ya 400, yeye ndiye aliyefanya kazi ya mzee: kisikizi sikioni, vidole kwenye vitufe, anamwunganisha kapteni na walimwengu wengine. Mzee alikuwa akisema, "Huyo akiinuka pale, wote wamekuwa viziwi."

Sasa mzee ana miaka 76. Sikio la kushoto limekwisha, la kulia linasikia likitaka. Amehamia kwangu Donholm tangu Machi, na nikaona badala ya kumwacha agombane na taarifa ya habari ya saa moja kila siku, tuanze Star Trek tangu mwanzo, sehemu moja kila jioni. Kijana wa duka la muvi mtaani akanijazia flashi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Alinipangia eti "kwa mtiririko wa hadithi". Kumbe maana yake ni kuanza na Enterprise ya mwaka 2001, kwa vile matukio yake yanatokea karibu miaka mia kabla ya Kirk. Mzee akatazama dakika kumi, akauliza Uhura yuko wapi. Nikamwambia hajazaliwa bado. Akaomba uji.

Nikarudi kwa Kirk, na huko nako kuna vurugu. Jioni ya tatu daktari si McCoy, Uhura hayupo, nguo si zile, na kuna kaburi limeandikwa James R. Kirk ilhali dunia nzima inajua ni James T. Mzee hakuliachia hilo kaburi mpaka tukalala. "Herufi moja tu ukikosea," akaniambia, "umemwunganisha mtu na nyumba isiyo yake."

Halafu kuna hili limenishangaza mimi mwenyewe. TV yetu ya zamani ilikuwa Greatwall, nyeusi na nyeupe. Nimekua nikijua watu wote wa kile chombo wanavaa kijivu! Mwezi huu ndio nimeona kuna manjano, buluu na nyekundu, na ndio nimeelewa ule utani wa mwenye shati jekundu, kwamba akishushwa kwenye sayari usimpikie chakula cha jioni. Lakini Uhura naye anavaa nyekundu. Sijamwambia mzee.

Maswali sasa. Nifuate tarehe za kurushwa hewani, au zilivyotengenezwa? Sehemu ni 79, na kwa dakika 50 kila moja ni kama saa 66. Kuna za kuruka? Tukimaliza twende wapi? Na kuhusu masikio ya mzee, maandishi ya chini yanampita haraka. Sauti nimepandisha mpaka jirani wa chini akamtuma mtoto aje abishe hodi. Mtoto mwenyewe akaketi, akatazama mpaka mwisho, lakini siwezi kutegemea bahati hiyo kila jioni.

---

Kapteni_Umoja2

Dada, huyo mzee mtunze. Fuata tarehe za kurushwa, kuanzia The Man Trap ya 8 Septemba 1966. Utakutana na vurugu ndogondogo kama hiyo ya kaburi, lakini ndivyo watu walivyokiona kipindi chenyewe.

Kaburi lina maelezo. Watengenezaji walipokishawishi kituo cha televisheni cha NBC mara ya kwanza walipeleka filamu ya majaribio inaitwa The Cage, kapteni akiwa Pike, na wakubwa wakaikataa. Lakini badala ya kuwafukuza, wakawaambia watengeneze nyingine, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Hiyo ya pili ndiyo yenu ya jioni ya tatu. Ilipigwa mwaka 1965, McCoy na Uhura wakiwa hawajaingia kazini na hata jina la kapteni halijakaa sawa, halafu ikarushwa ya tatu. Mbele kidogo utaona Uhura amevaa manjano kwenye The Corbomite Maneuver baada ya kuwa amekwisha vaa nyekundu. Ni yale yale: ilitengenezwa mapema, ikarushwa Novemba.

The Cage usiiguse sasa. Vipande vyake vimeshonwa ndani ya The Menagerie, sehemu mbili za msimu wa kwanza, na ukiijua mapema umejiharibia. Maliza hizo mbili ndipo urudi nyuma uione nzima. Kuna mahali Spock, yule asiyeonyesha hisia, anashika jani linaloimba, anatabasamu. Spock! Nilirudisha nyuma mara tatu nikidhani ni macho yangu.

Habari ya masikio: usichomeke flashi kwenye TV moja kwa moja. Pitisha kwenye kompyuta, weka programu ya VLC, kuza herufi za maandishi, kisha punguza kasi kidogo tu, 0.9 hivi. Waigizaji hawabadiliki sana ila maneno yanapata nafasi. Na mnunulie mzee hedifoni, jirani apumzike.

---

sina_subira_254

Saa 66? Nyinyi hamna kazi?

Mimi ningekata msimu wa tatu wote. Unafunguliwa na Spock's Brain, ambapo watu wanaiba ubongo wa Spock kisha mwili wake unatembezwa kwa rimoti. Sitanii. Kipindi kilikuwa kimesukumwa Ijumaa saa nne usiku, pesa zimepunguzwa, na Roddenberry aliyekianzisha amejitenga na shughuli za kila siku. Inaonekana mpaka kwenye mawe, ambayo ni ya povu waziwazi.

Baada ya hapo ingia The Next Generation ya 1987, lakini ruka msimu wa kwanza. Hasa Code of Honor, sayari ya watu weusi ambao chifu wao anateka mwanamke wa kizungu. Ukiitazama na mzee wako utaona haya kwa niaba ya walioiandika. Kazi inaanza kunoga msimu wa pili, Riker, msaidizi wa kapteni, akishafuga ndevu. Halafu Deep Space Nine. Sisko ni kapteni mweusi, analea mtoto wake peke yake, na anapenda jiko. Hiyo ndiyo bora kuliko zote na sibishani na mtu.

---

mwana_wa_Ngomeni

Dada yangu, shikamoo ya kutoka pwani imfikie mzee.

Mmeipita The Man Trap bila kutaja chumvi? Lile jitu linajibadilisha sura, na linaua kwa kunyonya chumvi yote mwilini. Linapomkaribia Uhura linajigeuza kijana mweusi mtanashati na kumsemesha Kiswahili. Kwenye sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, 1966! Mimi nilipoiona nilicheka, maana lingeshuka huku kwetu lisingemsumbua mtu. Kuanzia Gongoni mpaka Marereni ni mashamba ya chumvi matupu, lingekula likalala.

Sasa jina lenyewe. Nichelle Nichols alisimulia kwamba siku ya kufanyiwa majaribio alikuwa ameshika kitabu kinachoitwa Uhuru, na jina likatokea hapo, ila Roddenberry akaona u ya mwisho ina ukali, ikawekwa a ili liwe la kike. Mswahili akisikia hivyo lazima ajikune kichwa. Sisi "yeye" ni yeye, awe Hamisi awe Mwanaisha, hatujawahi kuwa na irabu ya dume na ya jike. Filamu ya 2009 ndiyo iliyomtaja kwenye skrini kuwa ni Nyota. Nyota Uhura. Zuri, ingawa linasikika kama jina la daladala.

Na hili mwambie mzee kama halijui. Sehemu ya mwisho ya kipindi ilirushwa Juni 1969. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 12 Desemba 1970, hapa kwetu kwenye jukwaa la kurushia roketi la San Marco baharini iliruka setilaiti ya Wamarekani ya kupima miali ya eksirei kutoka angani, ya kwanza ya kazi hiyo. Kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, wakaiita Uhuru. Wenye u kabisa. Babu yangu alikuwa mvuvi, na hadithi yake kuhusu siku hiyo ilihusu samaki waliokimbia. Mengine hayakumgusa.

---

Kapteni_Umoja2

@sina_subira_254 nitabishana. Ukikata msimu wa tatu umekata Plato's Stepchildren ya 1968, Kirk na Uhura wanapobusiana, wakati ambapo mtu mweusi na mzungu kubusiana kwenye televisheni ya Marekani lilikuwa jambo la kuogopesha wenye vituo. Sehemu yenyewe si nzuri sana, nakubali, lakini mzee anamfuata Uhura.

Kwa ajili hiyo hiyo, baada ya 79 msikimbilie 1987. Kuna vikatuni vya 1973 na 1974, sehemu 22 fupi, sauti karibu zote ni za waigizaji wale wale. Kwenye The Lorelei Signal wanaume wote wanalegea kwa kurogwa na Uhura anashika usukani wa chombo. Kwenye kipindi cha kwanza hawakuwahi kumpa.

Yeye mwenyewe alikaribia kuondoka baada ya msimu wa kwanza. Alisimulia kwamba Martin Luther King alimwambia asithubutu. Akabaki, na baadaye NASA wakamtumia kutafuta wanaanga wanawake na weusi.

---

sina_subira_254

Sawa, hiyo moja mwonyeshe. Spock's Brain bado nasema hapana.

Na mkifika mbali, Strange New Worlds ya 2022 ina Uhura akiwa bado kijana chuoni, na wanasema wazi kwamba amekulia Kenya. Mzee atapenda.

---

mwana_wa_Ngomeni

Kabla hamjafika huko, msimu wa pili, The Changeling. Sitasema kitu. Mzee awe na masikio siku hiyo.

---

Binti_wa_Opereta

Nimerudi. Samahani kwa kunyamaza, stima ilitupotezea wiki nzima ya jioni, kisha mzee akawa na homa. Tumefuata tarehe za kurushwa. The Cage tuliiweka baada ya The Menagerie kama ulivyosema, Kapteni, na tabasamu la Spock lilimkera mzee kabisa. Anasema huyo si Spock, ni ndugu yake.

Hedifoni nilinunua, kubwa za kufunika masikio yote mawili. Amekataa kuzivaa hivyo. Anavuta upande wa kulia juu ya sikio linalosikia, wa kushoto anausukuma nyuma ya kichwa, na mkono mmoja unakaa hapo hapo kwenye kisikizi kama wa Uhura. Mara ya kwanza nilipomwona hivyo nilikwenda jikoni kuangalia chai ambayo haikuwa motoni.

Mtoto wa jirani sasa anakuja bila kutumwa. Anamwita babu "Kapteni". Babu amemsahihisha mara kadhaa kwamba yeye ni mawasiliano.

Jana ilikuwa The Changeling. Kwa wasioijua: kuna mtambo unaitwa Nomad unaingia chomboni, unamsikia Uhura akiimba, hauelewi kuimba ni nini, unamchunguza na kumfuta akili yote. Nesi anaanza kumfundisha kusoma upya kama mtoto wa chekechea, Kiingereza kinamshinda, na anapokasirika kinachotoka mdomoni ni Kiswahili. Mzee akainua kidole. Nikasimamisha. Akaniambia nirudishe. Nikarudisha mara nne, kwa ile kasi ya 0.9, na kila mara alifumba macho na kubonyeza hedifoni sikioni. Nilimuuliza amesikia nini. Akasema laini ina mikwaruzo lakini mtu yuko.

Kwa hiyo nilidhani amefurahi, tumalize tulale. Mwishoni McCoy anamwambia Kirk kwamba Uhura ameshafika kiwango cha chuo, na kwamba baada ya wiki moja hivi atarudi kazini. Mzee akavua hedifoni.

"Wiki moja?"

Nikamwambia baba, ni hadithi.

"Mimi bodi ile ilinichukua miezi sita, na kichwa changu kilikuwa kizima." Kisha akamgeukia mtoto wa jirani, ambaye kwao walikuwa wameshaita mara mbili, akaanza kumweleza ni waya gani ulikwenda wapi, kuanzia Nakuru.