Meli ya kitalii kwa wazazi kutoka Mbeya: MSC ya Durban, Royal Caribbean, Costa au Ghuba?

Mwana_Rungwe

Wakuu habari za jioni. Niko Uyole, Mbeya. Wazazi wetu wanatimiza miaka 40 ya ndoa mwezi Desemba. Mimi na dada yangu wa Makambako tumeweka hela ya parachichi kwa misimu mitatu ili tuwapandishe meli ya kitalii, zile unazolala na kula humo humo na asubuhi unaamkia bandari nyingine. Tutakuwa wanne.

Baba ni mstaafu wa reli ya TAZARA. Goti la kulia limechoka, ngazi zinamtesa. Mama ana presha, anameza dawa kila siku. Chombo kikubwa alichowahi kupanda ni MV Mbeya II ya Ziwa Nyasa, kutoka Bandari ya Kiwira hadi Mbamba Bay, na nilikuwa naye. Tulipoiacha Lupingu upepo ukaanza. Mama alishika bomba la sitaha kwa mikono miwili, kitenge kimelowa mpaka magotini, hakutoa neno mpaka Manda. Tuliposhuka akaniambia, "Mwanangu, nitapanda tena, ila iwe kubwa zaidi." Tangu siku hiyo sijatulia.

Nimeangalia meli za kampuni hizi: Royal Caribbean ya Miami, MSC na Costa za Bahari ya Mediterania, MSC ya Durban, Afrika Kusini, na zile za Ghuba zinazoanzia Dubai. Kila tovuti inasema yenyewe ndiyo bora. Naomba mwenye uzoefu anisaidie kulinganisha, hela hii haitarudi mara ya pili.

Dada_Mwanjelwa

Kaka hongera sana kwa wazo hilo. Mimi nashughulika na tiketi hapa mjini, na kosa ninaloliona kila siku ni watu kuchagua meli kwanza halafu ndipo wanauliza viza. Anza na viza, orodha yako itapungua yenyewe.

Miami: kila mmoja wenu atahitaji viza ya Marekani, na hiyo ni mahojiano ubalozini Dar es Salaam. Wazee hao mtawasafirisha hadi Dar kabla hata hamjaipanda meli.

Mediterania, iwe MSC au Costa: viza ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000 za matibabu. Kama njia inatoka Ugiriki, inapita Uturuki, ambayo haimo Schengen, na kurudi Ugiriki, hakikisheni viza ni ya kuingia zaidi ya mara moja. Kuna mama mmoja nilimsaidia baadaye, wakala wake wa kwanza alimwombea ya kuingia mara moja. Mambo yaligundulika siku tano kabla ya kuondoka, safari ikafa na kebini haikurudishiwa hela.

Durban: Mtanzania haombi viza kwenda Afrika Kusini kwa matembezi mafupi, na Msumbiji ambako meli zile husimama vilevile. Mnahitaji pasipoti, na ulizeni mapema kama mtadaiwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Pasipoti ni shilingi 150,000, mnaanzia Uhamiaji hapo hapo Mbeya. Msisubiri Novemba.

Dubai: viza ya Falme za Kiarabu, halafu uliza kila nchi ambayo meli itapita, kama Qatar au Oman.

Kibena_Njombe

Kamwene wakuu. Mimi na mume wangu tulikwenda Durban, tukapanda MSC Orchestra, usiku nne. Tulitoka Njombe kwa basi hadi Dar, ndege hadi Johannesburg, nyingine hadi Durban. Fikeni siku moja kabla. Meli haimsubiri mtu ambaye ndege yake imechelewa, na hiyo ni kwa kampuni zote.

Orchestra ina tani 92,000 hivi. Icon of the Seas ya Royal Caribbean ina tani 248,663 na watu zaidi ya 7,000 ikijaa. Watu wanaisifia kwa ukubwa, ila mimi kwa Orchestra tu nilipotea siku mbili nikitafuta chumba. Kwa mzee mwenye goti, kila kona unayopotea ni maumivu. Lifti zipo, lakini baada ya chakula cha jioni zinajaa na unasubiri.

Nitakachokumbuka mpaka nazeeka ni kuondoka bandarini. Nilisimama upande wa nyuma, kamba nene kama paja la mtu zinavutwa juu zikitiririka maji, na mji unaanza kusogea wakati wewe miguuni husikii chochote. Nililia. Mume wangu alidhani naumwa.

Jambo ambalo hawakutuambia: kule Msumbiji, kwenye Kisiwa cha Wareno, hakuna gati. Mnashushwa kwa boti ndogo. Meli inapanda, boti inashuka, unasubiri vilingane ndipo unaruka hatua moja huku umeshikwa mikono. Sisi siku ya kwanza upepo ulikuwa mkali, ikatangazwa hakuna kushuka. Tulikiona kisiwa kwa macho tu mpaka kesho yake. Kwa baba mwenye goti hilo lazima mlifikirie mapema.

Baharia_Mstaafu

Mwana_Rungwe, salaam kutoka Iringa. Nilikuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli za kitalii kwa mikataba mitano, sasa nimerudi nalima. Nikueleze yale ambayo wageni huuliza wakiwa wamechelewa.

Kwanza, bei unayoiona ni ya mtu mmoja kwa chumba cha watu wawili. Ndani yake kuna kulala, bufee, ukumbi wa chakula wa jioni na maonyesho. Nje yake kuna soda na bia, intaneti, matembezi ya nchi kavu, na bakshishi inayokatwa kwa kila siku. Royal Caribbean wametoza dola 18.50 kwa mtu kwa siku vyumba vya kawaida. Ninyi wanne kwa usiku saba ni dola 518, kabla hujanunua hata maji ya chupa. Kampuni ya Norwegian wamefika dola 20. Usione kama wizi, maana kwetu sisi hiyo ndiyo ilikuwa mshahara. Tulifanya kazi siku saba kwa wiki miezi minane. Lakini iandike kwenye bajeti tangu leo.

Pili, chumba. Kebini ya ndani ni rahisi kuliko zote, haina dirisha, ukizima taa ni giza kama ghala la viazi. Kijana analala vizuri. Mzee akiamka usiku hajui kama ni saa nane au saa mbili asubuhi, anahangaika. Nimewakuta wazee kwenye korido wamevaa suti ya kwenda kunywa chai usiku wa manane. Kwa wazazi wako chukua kebini yenye balkoni, ninyi vijana laleni ndani. Na omba katikati ya meli, sitaha za chini, ndipo inapoyumba kidogo. Mbele kabisa na juu kabisa ndiko watu wanakotapika. Angalia pia kwenye ramani juu ya chumba kuna nini, kama ni ukumbi wa muziki hamtalala.

Tatu, tabia za kampuni. Royal Caribbean wanajenga kwa ajili ya familia zenye watoto: mabwawa, mitelezo ya maji, kelele mpaka usiku. Carnival wana bei nzuri na starehe nyingi. Norwegian hawakufungi saa ya kula. Cunard ni watu wa itifaki, kuna usiku wa suti na gauni refu, na Queen Mary 2 yao inavuka kutoka Southampton hadi New York. Costa na MSC zina damu ya Italia, chakula cha jioni ni kirefu na matangazo yanarudiwa kwa lugha nne au tano. Wazee wanaopenda kukaa mezani na kuongea watafurahi huko kuliko Royal.

Kuna anayeogopa Costa kwa sababu ya Costa Concordia, iliyogonga mwamba kisiwa cha Giglio tarehe 13 Januari 2012, wakafa watu 32. Abiria waliopanda jioni ile walikuwa hawajafanya zoezi la usalama. Baada ya hapo sheria ya bahari ikabadilishwa, zoezi linafanywa kabla ya kuondoka au mara tu mnapoondoka, kampuni zote. Ukisikia king'ora cha zoezi, mshike baba mkono mwende, mjue kituo chenu, mpime anatembea dakika ngapi na lile goti.

Nesi_Mafinga

Naongezea kwa upande wa mama. Dawa za presha zisiwekwe kwenye begi kubwa. Mabegi makubwa yanachukuliwa bandarini na kuletwa chumbani baadaye, pengine jioni sana. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwenye pakiti zake, na barua ya daktari, za siku zaidi ya zile za safari.

Dawa ya kichefuchefu cha bahari inamezwa kabla ya meli kuondoka. Ukishaanza kutapika umechelewa. Zinaleta usingizi na nyingine hazipatani na dawa za presha, kwa hiyo amuulize daktari wake kwanza, asinunue tu dukani. Tangawizi mbichi inawasaidia wengi. Akijisikia vibaya atoke nje atazame pale bahari inapokutana na mbingu, asijifungie chumbani. Na bufee ina chumvi nyingi, mwambieni mapema.

Meli zote hizi zina zahanati na daktari, ila malipo ni ghali na bima zetu za nyumbani hazifanyi kazi huko. Hata kama Durban hawawadai bima ya safari, kateni. Msiibane hapo.

Mzee_wa_Kasanga

Wanangu, mnazungumzia meli za mbali, nami nimezaliwa Kasanga, Ziwa Tanganyika, bandari ya ile meli kongwe ya Liemba. Liemba ilijengwa mwaka 1913 na Meyer Werft, mji wa Papenburg, Ujerumani. Ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua, ikarudi kazini mwaka 1927.

Kiwanda hichohicho cha Papenburg ndicho kilichojenga meli nyingi za Norwegian, za Disney na za Royal Caribbean. Kwa hiyo baba yako akiuliza watu wa Mbeya wana uhusiano gani na meli hizo, mwambie Nyanda za Juu Kusini tumebebwa na meli ya fundi huyo tangu babu zetu.

Mwana_Rungwe

Mzee shikamoo. Hiyo nimemsomea baba, ameirudia kwa jirani leo mara mbili. Wote nawashukuru, ndaga fijo.

Nimeitoa Miami. Mediterania Desemba ni baridi na bahari inachafuka, nimeitoa pia. Zimebaki Durban na Ghuba. Dada_Mwanjelwa, wewe ungechukua ipi?

Dada_Mwanjelwa

Kwa miili ya wazee peke yake ningesema Ghuba. Maji ni tulivu kiasi Desemba, na Dubai, Abu Dhabi na Doha meli inafunga gatini, baba anashuka kwa daraja bila kuruka boti. Durban kuna mawimbi ya Bahari ya Hindi yenyewe.

Lakini hesabu yote ikiwekwa pamoja, viza za watu wanne na nauli, Durban inawaachia hela ya balkoni. Ila angalia ratiba ya msimu wenyewe. Meli za Durban ni za kiangazi cha kule, Novemba hadi Machi hivi, na MSC hubadilisha meli na njia mwaka hadi mwaka. Usilipe mpaka uone jina la meli, tarehe na bandari kwa maandishi.

Kibena_Njombe

Naunga mkono. Na siku ya kisiwani baba akibaki melini hapotezi kitu. Nusu ya watu wameshuka, lifti tupu, bwawa tupu, chai inaletwa mezani. Mume wangu alibaki siku ya pili kwa hiari yake.

Mwana_Rungwe

Tumekaa na wazazi jana jioni. Nilimweleza mama habari za boti ndogo na mawimbi bila kumficha. Akauliza kama meli ile ina bomba la kushika. Nikamwambia lipo, pande zote. Akasema basi.

Baba yeye hataki kisiwa wala bwawa, anataka kukaa kwenye balkoni na saa yake aandike muda tunapopita kila mahali, kama alivyokuwa akiandika stesheni. Jumatatu tunakwenda Uhamiaji. Ni Durban, balkoni moja ya katikati kwa ajili yao na kebini ya ndani kwa ajili yetu, ikiwa ratiba itakubali.

Swali moja la mwisho, ni lake: tukitoka Durban kwenda Msumbiji, achague balkoni upande gani ili aione pwani?

Baharia_Mstaafu

Kushoto wakati wa kwenda, maana mnaelekea kaskazini na nchi iko magharibi. Wakati wa kurudi pwani inahamia kulia. Mwambie achague kushoto, na siku ya kurudi apande sitaha ya juu na kiti chake. Kwa lifti, asipande ngazi.