Gobore la .50 lenye michirizi: risasi ya duara na kiraka, au risasi ndefu?

Mlenga_wa_Lancaster
Wakuu, habari za Jumapili. Niko Pennsylvania, na huku baada ya Krismasi kuna msimu wa kulungu wa bunduki za gumegume peke yake, zile za kupakiwa mdomoni na kuwashwa na cheche ya jiwe. Nimepata moja ya mtumba, kaliba .50 (tundu la mtutu nusu inchi), michirizi ya ndani inazunguka mara moja kila inchi 48. Aliyeniuzia kanipa na maboksi mawili: risasi za duara za .490, ambazo hupakiwa na kiraka cha kitambaa, na zile ndefu ziitwazo Maxi-Ball. Moja ina gramu 11 na nusu hivi, nyingine 24. Nalenga kwa macho matupu, bila darubini, na porini huku sioni mbali zaidi ya mita 70. Nichukue ipi? Tafadhali msiniambie "inategemea".

Baruti_Nyeusi
Inategemea 😂 Natania mkuu. Chukua ya duara.

Risasi ya duara haitaki kuzungushwa sana. Mitutu iliyotengenezwa kwa ajili yake tu huzunguka mara moja kwa inchi 60 au 66, na bunduki za Baker za jeshi la Uingereza, zile za 1800, zilizunguka robo tu kwa urefu wote wa mtutu. Risasi ndefu ndiyo inayodai mzunguko wa haraka, la sivyo inayumba hewani. Mzunguko wa 48 ni wa kuridhisha pande zote mbili, kwa hiyo bunduki yako itakula zote. Ila ya duara usiizidishie baruti. Ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi inaruka michirizi badala ya kuifuata, na hapo shabaha imekufa.

Kaka_wa_Minnesota
Napinga. Maxi-Ball ilibuniwa kwa mitutu ya 48 hiyohiyo. Halafu tuseme ukweli kuhusu duara: inatoka mtutuni na futi 1,900 kwa sekunde, ikifika yadi 100 imebaki na 1,100 hivi. Hewa inaila. Ndefu inatoka polepole lakini inabaki na nguvu yake, na kulungu inampita upande wa pili.

Na kupakia je? Hakuna kiraka, hakuna kijiti kifupi cha kuanzishia, hakuna kutokwa jasho. Unapaka mafuta, unasukuma kwa mdeki (ule ufito wa kushindilia), umemaliza. Kwa nini risasi ya Minié ya 1849, ndefu na rahisi kupakia kama hii, iliteka majeshi yote? Kwa sababu askari mwenye duara na kiraka alikuwa bado anashindilia wakati mwenzake wa musketi isiyo na michirizi ameshafyatua mara mbili.

Baruti_Nyeusi
Kaka, askari alikuwa na adui mita 300 mbele. Huyu ana kulungu nyuma ya kichaka.

Na kuna jambo hukulisema. Risasi ndefu inaingia kwa ulaini, na kwa ulaini huohuo inaweza kutoka. Ukitembea na bunduki mdomo chini, au ikitikisika garini, inateleza mbele kidogo na kuacha nafasi kati yake na baruti. Ukifyatua hivyo mtutu unaweza kuvimba, hata kupasuka. Duara iliyobanwa na kiraka haiendi popote. Ukichagua ndefu, weka alama kwenye mdeki inapokaa sawasawa, na uipime tena kila baada ya mwendo.

Mtoto_wa_Kilosa
Nimeingia kwa sababu ya neno gobore, nikidhani ni habari ya polisi 😅 Huku kwetu (msiniulize ni la nani) halina michirizi. Inamiminwa baruti, linashindiliwa tambara, zinafuata gololi, kisha tambara tena. Sasa hicho kiraka chenu si tambara tu lenye jina zuri?

Bi_Zeituni
Hapana mwanangu. Tambara lako linaziba na kuzuia gololi zisimwagike. Kiraka kina kazi ya tatu, na ndiyo kubwa. Mtutu ni .50, risasi ni .490, kwa hiyo risasi peke yake ingetumbukia bila kugusa kitu. Kiraka kinajaza ile nafasi, michirizi inakiuma, nacho kinaibeba risasi na kuizungusha. Risasi yenyewe haigusi chuma kabisa. Pasipo michirizi hakuna cha kuzungusha.

Bunduki zilizomwagwa bara na misafara kutoka Unguja nyingi zilikuwa laini ndani. Hata Mkataba wa Brussels wa 1890, uliozuia silaha Afrika, uliacha mlango wazi kwa gumegume zisizo na michirizi na baruti ya biashara. Za michirizi ndizo wazungu walizoziogopa.

Mlenga, nakujibu na wewe. Mimi nalenga shabaha tu, siwindi, na hapa watu wanabishana juu ya risasi wakati jibu liko kwenye kitambaa. Tafuta pamba tupu iliyofumwa kwa kubana, unene kama nusu milimita. Kitambaa cha mito chenye mistari ndicho wengi wanachotumia. Usithubutu poliesta, inayeyuka. Kifue kwanza dondo litoke, maana kitambaa kipya kinateleza na mafuta hayaingii.

Ukishafyatua, usikimbilie shabaha. Nenda hatua chache mbele ya mdomo wa bunduki, ukaokote kiraka. Kikiwa mzima, kimekunjuka, katikati kina weusi mfano wa msalaba pale kilipokaa juu ya baruti, hapo mambo ni sawa. Kikiwa kimeungua pembeni, moto umepita: tumia kinene zaidi au ongeza mafuta. Kikiwa na mikato iliyonyooka kuzunguka duara, michirizi ya mtutu bado ni mikali. Kikiwa nyuzi tupu, hata usiangalie risasi ilikwenda wapi.

Kaka_wa_Minnesota
Bi mkubwa kafunga mjadala kistaarabu. Mafuta je? Mimi natumia nta na mafuta ya zeituni.

Bi_Zeituni
Hayo kwa mawindo ni mazuri. Kwa shabaha hata mate yanatosha, ila usiiache bunduki imepakiwa na mate, yanakauka na mtutu unashika kutu. Grisi ya gari weka mbali, ikikutana na baruti nyeusi inaacha uchafu kama lami. Kati ya risasi na risasi pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo. Jioni osha kwa maji ya moto na sabuni, usingoje kesho.

Baruti_Nyeusi
Naongeza: baruti nyeusi halisi, ya 3F (chembe ndogondogo), anza na greni 60 (kama gramu 4) kwa kipimo cha ujazo, panda taratibu. Ile baruti ya kisasa isiyotoa moshi ISIINGIE humo hata chembe. Na risasi iwe laini kabisa. Yenye mchanganyiko mgumu inasumbua kuingia, na ile ndefu haitanuki kushika michirizi.

Mlenga_wa_Lancaster
Asanteni wakuu. Mke wangu anauliza kama kanga zake zi salama.

Bi_Zeituni
Mwambie alale usingizi, kanga ni nyepesi mno, ingeungua. Kitambaa cha marekani, kile cha zamani kizito, ungeweza kukijaribu.

Mlenga_wa_Lancaster
Mrejesho: nimetumia kitambaa cha mito, viraka vimetoka na ule msalaba, havina tundu. Kwa mita 50 za duara zinakaa ndani ya kiganja. Ndefu zilitawanyika, na bega linauma.

Kaka_wa_Minnesota
Ndefu hukuzipa baruti ya kutosha. Lakini sawa. Lile boksi lililobaki unauza?

Mlenga_wa_Lancaster
Njoo inbox.