Droni imeangukia paa tunapoanika nguo: nimdai nani?

Mama Wawili, Donholm
Wadau, hamjambo. Jumamosi jirani walikuwa na sherehe ya mahari, na mpiga picha akawa anarusha droni juu ya ploti zetu. Mimi niko juu ya paa naanua nguo. Nikasikia kishindo, kugeuka, kidude kimelala kati ya tangi la maji na kamba, panga lake moja limekatika na kutoboa shuka langu jipya. Hapo ndipo wanangu hucheza mchezo wao wa kati. Kijana akapanda mbio, akaokota mtambo wake: "Pole mathe, ni kadogo tu, hakafiki hata kilo." Kama kuna aliyeumia, hakuuliza! Kwani sheria inahesabu kilo?

Mpima Shamba
Pole sana, mama. Mimi hurusha droni kikazi na vijana wa aina hiyo wanatuharibia jina. Kanuni za 2020 zinataka droni isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, isipande zaidi ya futi 400, na isikaribie watu au majengo yasiyohusika ndani ya mita 50. Donholm kwenyewe kuko ndani ya kilomita 10 kutoka uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, kwa hiyo kunahitaji kibali cha pekee. Muulize namba ya usajili uone atakavyobabaika.

Ticha wa Fizikia
Hiyo ya "hakafiki kilo" imenichekesha. Kitu kikidondoka kutoka mita 15, tuseme ghorofa ya tano, kinafika chini kikienda karibu kilomita 60 kwa saa. Ni mwendo wa matatu ya Jogoo Road foleni ikifunguka. Halafu kuna betri ya lithiamu. Ikipondeka inaweza kuwaka moto.

Kijana wa Makueni
Shukuru ni droni. Kwetu Mukuku, 30 Desemba 2024, ilianguka pete ya chuma ya kilo 500 hivi, kipande cha roketi!

Mpima Shamba
Na hata hiyo ina mwenyewe. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unaibebesha fidia nchi iliyorusha. Sembuse mpiga picha?

Mama Wawili, Donholm
Asanteni. Nimempigia mamake bi harusi. Kumbe kijana bado anadai salio lake. Basi shuka langu litakatwa humo humo.