Tupeane uzoefu: umemaliza shule, kazi huna, siku yako inaendaje?

Wakuu, kila tangazo la kazi linataka uzoefu, sasa mimi uzoefu nilionao ni wa kukaa bila kazi, mwaka wa tatu huu, kwa hiyo naanza na huo huo. Mwanzoni nilikuwa naamka saa kumi na mbili, naoga, navaa kabisa kama mtu anayetoka, natuma CV tano sita ndo natia kitu mdomoni. Siku hizi naamka watu wote wameshaondoka, siyo uvivu jamani, sitaki tu kukutana na mzee sebuleni maana hata haulizi tena, anaguna tu.

Halafu nimesoma ILO, lile Shirika la Kazi Duniani, wanavyohesabu wasio na ajira. Ili uitwe huna ajira lazima usiwe na kazi, uwe tayari kuanza, na uwe umeitafuta hivi karibuni. Ukichoka ukaacha kutafuta, unatoka kwenye hesabu. Ukipata kibarua cha kulipwa hata saa 1 tu ndani ya wiki, umeajiriwa! Mwezi uliopita nilimsaidia jirani kuhamisha makochi akanitoa kidogo, kumbe wiki ile nilikuwa mfanyakazi. Nyie wenzangu mnaishije?

#2
Mimi ndo sihesabiki kabisa nadhani. Nalea watoto wa dada, nafua, napika, mtu akilazwa mimi ndo wa kulala naye hospitali kwa sababu "wewe si upo tu". Mgeni akiuliza huyu anafanya nini anajibiwa hafanyi kitu, na mimi nimesimama hapo hapo na beseni. Hao hao ILO walisema mwaka 2023 kijana 1 kati ya 5 hivi duniani hayupo shule, kazini wala kwenye mafunzo, na theluthi mbili yao ni wanawake. Wala sikushangaa.

#3
Nilijitolea ofisi moja miezi 8, nauli juu yangu, naambiwa nafasi ikitoka wewe wa kwanza. Nafasi ikatoka kweli, nikaitwa nimfundishe aliyeipata jinsi ya kutumia mfumo. Nilimfundisha vizuri tu, kosa halikuwa lake.

#4
Mimi niliificha digrii. Nina CV mbili, ile yenye digrii haijawahi kupigiwa simu, nikaitoa nikaitwa kupanga mizigo ghalani. Bosi alinikuta narekebisha hesabu zake kwenye kompyuta akauliza umejifunzia wapi, nikamwambia mtaani. Sasa kila mgeni akija ananionyesha, huyu dogo hajasoma lakini ana akili balaa, nami nainamisha kichwa.

Mwanzisha uzi
#4 umenivunja mbavu ila swali la maana kaka, kwenye hiyo CV ya pili ile miaka ya chuo umejaza nini?

#4
Nimeandika nilikuwa nyumbani. Hakuna aliyeuliza zaidi.

#2
Wewe hawajakuuliza kwa sababu ni mwanaume, mimi wangeuliza watoto wangapi.